Presi ya tani 20 ya kujiundia kwa chuma chakavu: chaneli na pini zipi zitahimili?

Fundi_Ligula (Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina gereji ndogo hapa Mtwara inayohudumia magari madogo na bajaji, na kila beringi ya habu au bushi ya mkono inapohitaji kupresiwa hulazimika kuipeleka kwa mwenzangu mwenye presi, yaani mashine ya kukandamiza vipuri viingie au vitoke, na kusubiri zamu, hali ambayo huwa mbaya zaidi msimu wa korosho, malori yanapoujaza mji. Nimeamua kuunda presi yangu nikitumia jeki ya chupa ya tani 20 ambayo tayari ninayo. Kwa wauza skrepa nimepata chaneli (vyuma vyenye umbo la U) za kimo cha milimita 100, kipande cha chasisi ya lori, nondo laini ya duara ya milimita 20 kwa ajili ya pini za kushikilia meza kwenye nguzo, na kipande cha reli cha karibu mita moja. Nakusudia kuacha nafasi ya sentimita 60 kati ya nguzo. Je, chaneli mbili za milimita 100 zitafaa kuwa boriti ya meza? Na reli naweza kuichomelea juu iwe boriti ya kichwa?

Karakana_Masasi

Mkuu, nguzo zisikupe shida, kwa sababu zenyewe huvutwa tu kwa urefu wake na hata chaneli ndogo humudu. Kazi ngumu iko kwenye boriti mbili za ulalo na kwenye pini, na hapo ni vyema tukapiga hesabu kabla ya kukata chochote.

Tani 20 ni takriban kilonyutoni 200. Mzigo huo ukikaa katikati ya boriti yenye nafasi ya milimita 600, chaneli mbili za milimita 100 zitapata mkazo wa karibu nyutoni 360 kwa kila milimita ya mraba, ilhali chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye 250 hivi. Zitapinda kabla jeki haijafika mwisho wa nguvu yake. Kwa nafasi hiyo unahitaji chaneli mbili za milimita 160. Lakini kwa nini sentimita 60? Habu ya gari dogo inapita vizuri kwenye sentimita 45, na ukipunguza hivyo, chaneli mbili za milimita 140 zinabaki na mkazo wa 130 tu. Kupunguza upana hakukugharimu hata senti moja, na bado naona watu wakikazana kutafuta chuma kinene zaidi.

Kuhusu pini, kila moja itabeba nusu ya mzigo na itakatwa sehemu mbili, mbele na nyuma. Nondo laini ya milimita 20 itapata mkazo wa kukata wa karibu 160, nayo huanza kushindwa kwenye 145 hivi. Ya milimita 25 inapita kwa taabu. Mimi ningeweka ya 30, ambayo mkazo wake ni 71. Hakikisha pia chaneli za meza zinakumbatia nguzo kwa karibu, kwa maana ukiacha uwazi, pini haitakatwa tu bali itapinda, na pini iliyopinda ndani ya tundu haitoki bila kukatwa kwa gesi. Kila tundu la nguzo liongezewe bamba la milimita 10, hasa kama chaneli yako imeliwa na kutu ya pwani.

Mchomeleaji_Nachingwea

Naongezea kuhusu reli. Huku kwetu vipande vya reli si vigeni tangu enzi za mradi wa karanga wa serikali ya Waingereza, ule ulioachwa mwaka 1951, na njia yake ya reli ambayo baadaye iling'olewa. Chuma cha reli kina kaboni nyingi, hivyo ukikichomelea kikiwa baridi, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu na kukatika kama glasi. Usiitie kwenye presi; ifanye fuawe, hapo haina mpinzani. Na ukinunua reli dai risiti, maana maswali kuhusu chuma cha aina hiyo huja bila taarifa.

Chasisi ya lori ni chuma kizuri, ila baadhi zimepitishwa kwenye moto kiwandani ili ziwe imara, na joto la kuchomelea hulegeza sehemu hiyo. Ningeifunga kwa boliti badala ya kuichomelea. Kabla ya hapo ikague: isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ipake mafuta ya taa, subiri kidogo, ifute hadi ikauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Angalia zaidi kandokando ya matundu ya mabano ya springi, ambako lori huteseka.

Fundi_Ligula (Mtwara)

Nashukuru sana. Nitashika sentimita 45, chaneli za 140 na pini za 30. Swali lililobaki ni jeki: naweza kuigeuza kichwa chini?

Gereji_Lindi

Usiigeuze, ndugu yangu. Jeki ya chupa ikipinduliwa, pampu hunyonya hewa badala ya mafuta na nguvu hupotea, isipokuwa ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Isimamishe juu ya bamba linaloning'inia kwa springi kutoka boriti ya kichwa. Pistoni isukume boriti, nalo bamba lishuke na kukandamiza kazi. Springi za stendi ya pikipiki, mbili kila upande, zinalirudisha bila matatizo.

Jambo jingine: usiweke kipande cha dramu ya breki chini ya kazi, kwa sababu ni chuma cha kusubu na kikizidiwa hupasuka na kuruka. Beringi nayo hupasuka, hivyo funga mbele bamba la milimita 3 kwa bawaba. Jaribio la kwanza pandisha mzigo kidogo kidogo, ukiwa umevuta uzi kutoka ncha hadi ncha ya boriti ya meza. Ukiachia jeki na uzi ukaonyesha kuwa boriti haikurudi ilipokuwa, isitumike mpaka ibadilishwe.