Mrejesho: nyumba na gari kabla ya mvua, Bwaise

Ndugu zangu, Februari niliuliza hapa nifanye nini kabla mvua za Machi hadi Mei hazijaanza, maana nyumba iko Bwaise, hapa Kampala, bondeni karibu na mfereji wa Lubigi, na gari ni Toyota kuukuu. Asanteni sana mliojibu.

Gari kwanza. Mipira ya wipa nimebadilisha, na tairi za mbele zilizokuwa kipara. Ila ushauri bora ni wa yule aliyesema niwashe eisii (kiyoyozi) nielekeze upepo kwenye kioo cha mbele: hewa inakauka, ukungu wa kioo unatoweka kabla sijafika Kalerwe. Kitambaa cha kufutia kioo sasa kinafuta dashibodi.

Paani, fundi aling'oa misumari iliyolegea, akapiga mipya yenye mipira, akazibua gata lililojaa majani ya mwembe. Hakuvuji tena.

Sakafuni ndiko kazi ilikogoma. Kizingiti cha tofali na saruji mlangoni kilizuia maji ya barabarani vizuri, lakini kwenye mvua kubwa ya Aprili maji yalipandia tundu la bafuni, meusi, yananuka. Hapo kizingiti hakina la kufanya. Afadhali friji na magodoro vilikuwa juu ya matofali, kama dada mmoja alivyosisitiza. Siku hizi mawingu yakitanda nabandika mfuko wa mchanga juu ya tundu. Yanapenya kidogo tu. Fundi bomba anataka kuweka vali ya kuzuia maji yasirudi. Bei bado tunavutana.