Acheni kudharau gemu za herufi, mnaoliwa hela ni nyie wenye GB zenu

Wakuu habari za jioni, mods naomba huu uzi msiuunganishe na mwingine maana nina hasira.

Nimeshusha gemu la simu, lile la kuingia mapangoni kupigana na mazimwi, aina ninayoipenda kuliko zote. Bando likaisha hata kabla halijafunguka, nikaunga lingine, likadai apdeti, nimeanza tu kunogewa nikafa, wananiambia nitazame tangazo ndo nifufuke au ninunue almasi. Almasi! Hela ya msosi wa mchana nikanunulie almasi ya kwenye simu? Na mtandao ukiyumba kidogo, kama kawaida yetu huku Mbagala mvua ikinyesha, linagoma kabisa wakati nacheza peke yangu.

Ila walioniudhi zaidi ni washkaji. Nimewaambia bora Rogue au NetHack, gemu za zamani za mapangoni zinazochorwa kwa herufi, wakaangua kicheko eti gemu gani halina picha, mtu ni alama ya @. Ndio, mtu ni @. Rogue ilitoka 1980, walioianzisha ni Michael Toy na Glenn Wichman wakiwa wanafunzi California, ilichezwa kwenye skrini za maandishi tu, kwa hiyo ukuta ni vistari na zimwi ni herufi kubwa, A mpaka Z. Lakini mapango yanapangwa upya kila ukianza, dawa ya bluu iliyokuponya jana leo inaweza kukupofusha, na ukifa umekufa, unaanza upya kama kila mtu, uwe na hela usiwe nayo.

Halafu NetHack ya 1987, bure mpaka leo, MB chache tu, laptop yoyote ya mtumba pale Kariakoo inaibeba na intaneti haihitaji. Humo kuna dude linaitwa cockatrice, unaloliona ni c ndogo ya njano basi, ukiligusa mikono mitupu unageuka jiwe hapo hapo. Sasa ukiliua na una glavu, unaubeba mzoga wake unaufanya silaha, unayempiga nao anakuwa jiwe yeye! Unatamba weee, mara unatumbukia kwenye shimo la mtego, mzoga unakugusa, jiwe ni wewe, na glavu zako mkononi. Yani waliokaa kutengeneza hili waliwaza mpaka hapo. Nionyesheni gemu lenu la GB 100 lililowaza hivyo, mimi naona nywele za mtu zinapepea tu.

Na hapa Bongo vijana wanaojua kuandika programu tunao, gemu la hivi halitaki mchoraji wala studio, ila wakianza kutengeneza kitu wanaanza na sehemu ya kuweka matangazo, kwa nini jamani? Nataka majibu ya maana humu, na anayekuja kuniandikia habari za grafiki aseme kwanza bando lake la mwezi huu limeishia wapi.