Acheni kugusa geini za miksa za watu! Mnaharibu shughuli halafu mnasema mitambo mibovu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika, na mnisamehe kama maneno yatakuwa makali.

Jumamosi nilifunga mitambo kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, sendofu. Jioni kabla wageni hawajaingia nilipima maiki moja moja, kila kitu kikatulia. Usiku, mimi niko jukwaani nabadilisha waya wa kinanda, kijana wa MC aliyekuja na kompyuta yake ya muziki akasogea mezani kwangu, kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Baba wa binti ndiyo kwanza kashika maiki. Mzee anaongea taratibu, maiki kaiweka kifuani. Kijana akaona sauti ndogo. Akazungusha nobu ya juu kabisa, geini, ile inayokuza sauti inapoingia kwenye miksa, mpaka ikagota. Taa nyekundu ikawaka na haikuzima. Monita, spika ya kumsikilizisha msemaji sauti yake, iliyo mbele ya mzee ikaanza kupiga mluzi, ule unaoingia mpaka kwenye meno. Kijana akashusha feda, kile kitelezi cha sauti ya ukumbini, hadi chini: spika kubwa zikanyamaza, monita ikaendelea kulia! Mzee akaweka maiki mezani, akamalizia kwa mdomo mtupu. Meza za nyuma hawakusikia hata neno moja la baba akimuaga mwanawe.

Kisha MC akautangazia ukumbi mzima kwamba mitambo ina shida. Na kamati mpaka leo imezuia salio langu.

Sasa nisikilizeni, maana mambo haya yapo kila wikiendi, kwenye kumbi, makanisani, mpaka misibani. Geini haikuwekwa pale ili uongezee sauti mtu akiwa anaongea. Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo sana, ni wa kuhesabu kwa sehemu za elfu za volti, na geini ndiyo inaupandisha ufike kiwango ambacho miksa inaweza kuufanyia kazi. Kinanda au kompyuta inatoa umeme mkubwa mara nyingi zaidi, ndiyo maana geini ya chaneli ya maiki, yaani njia yake kwenye miksa, hailingani na ya kinanda. Unaipima mapema: bonyeza PFL, kitufe cha kupima chaneli hiyo peke yake kabla ya feda, mwambie mtu aongee kama atakavyoongea kwenye shughuli yenyewe, pandisha hadi taa zicheze karibu na 0, kisha toa mkono. Vyote vinavyofuata kwenye chaneli ile, ikwalaiza (nobu za besi, katikati na trebo), oksi (njia ya pembeni ya kupeleka sauti), feda, vinakunywa kutoka hapo. Ukiigusa katikati ya shughuli umevigusa vyote kwa mpigo.

Na mluzi haukukoma kwa sababu monita hulishwa na oksi, na oksi ya monita hufungwa ichukue sauti kabla haijafika kwenye feda. Imefanywa hivyo makusudi, ili muimbaji ajisikie vilevile hata fundi akipandisha au kushusha sauti ya ukumbini. Kwa hiyo kijana alikuwa anavuta feda ambayo monita haina habari nayo. Angerudisha geini pale alipoikuta, au angeshusha oksi ya chaneli ile, mluzi ungekata palepale. Na kabla ya yote hayo, MC alikuwa amesimama ubavuni kwa mzee! Angemsogezea tu maiki mdomoni. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayoingia kwenye maiki inapanda kama desibeli 6, bila kugusa mtambo wowote.

Kingine kinachonikera ni hizi feda. Nakuta miksa ya ukumbi, geini zote ziko juu, feda zote zimelala chini kabisa. Tazameni namba zilizochapwa pembeni ya feda. Karibu na 0 zimeachana, unaweza kusogeza kidogo na sauti ikabadilika kidogo. Kule chini zimebanana, ukiteleza unywele mmoja tu mtu amepotea au amelipuka. Ndiyo maana kwaya zenu zinapanda na kushuka wimbo mzima.

Kitufe cha kukata besi, cha hezi 80 au 100, hakibonyezwi na mtu, halafu mnalalamika mchungaji anavuma. Ikwalaiza mnapandisha besi na trebo, mnashusha ya katikati, wakati maneno ya mtu yanasikika hukohuko katikati. Na ile 48V, umeme ambao miksa inaupeleka kwenye maiki, jamani! Ni ya maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, maiki ya kawaida ya mkononi haiihitaji. Kwenye miksa ndogo nyingi kitufe kimoja kinawasha chaneli zote za maiki, na ukikibonyeza feda zikiwa juu spika zinapigwa kishindo kinachoweza kuua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Hiyo twita mtanilipa nyie?

Kamati za harusi, mnakaa vikao miezi mizima mnajadili mapambo na keki. Fundi sauti mnampigia simu wiki ya mwisho, mnamnyima muda wa kupima, kisha kila mwenye kadi ya kamati anaruhusiwa kuja kushika miksa yake. Kuanzia sasa kwangu ni hivi: saa moja ya kupima sauti inaandikwa kwenye makubaliano, kompyuta ya MC inapewa chaneli yake na sauti anaipunguzia kwenye kompyuta yake hukohuko, na asiyekuwa fundi wangu hagusi meza.

Kamati husika, kama mmo humu, salio langu nalidai. Shughuli yote niliirekodi kwenye flashi kutoka kwenye miksa. Mzee anaanza kuongea, sauti safi kabisa, ghafla inapasuka, kisha inapotea. Anayefuata ni MC kwa maiki yake, miksa ileile, na sauti yake ni safi mpaka mwisho. Njooni tuisikilize pamoja, mwenye ukumbi akiwepo, halafu mniambie ni mtambo gani uliokuwa mbovu.