Filamu ya hariri inayeyuka majini hata baada ya alkoholi, naombeni ushauri

Uzi_Mwembamba: Wakuu, nimekwama na wiki ijayo natakiwa kuonyesha kazi. Nimetengeneza filamu ya fibroini (protini ya uzi wa hariri): vifukofuko nilivichemsha kwenye maji ya magadi nusu saa kutoa gundi yake (serisini), nyuzi nikaziyeyusha kwa chumvi ya lithiamu bromaidi, nikaiondoa chumvi hiyo, nikamimina, ikakauka. Nikaipitisha kwenye alkoholi. Nikiitia majini inageuka uji. Nimekosea wapi?

Babu_Nondo: Alkoholi gani, asilimia ngapi, muda gani? Hivi ulivyoandika ni kama kumwambia daktari "naumwa mwili".

Mtani: Kumbe hata hariri ikilewa inalegea miguu?

Fundi_Maabara: Hailegei, inakaza. Protini hii imejaa asidi amino mbili, glaisini na alanini, zinazojirudia. Ikikauka hivihivi minyororo hubaki imejikunja ovyo, maji yakiingia inatawanyika. Alkoholi hunyang'anya maji yaliyoishika minyororo, nayo ikakosa wa kushikana naye ila yenyewe kwa yenyewe: inajipanga bapa juu ya bapa. Hizo bapa, ziitwazo bapa za beta, maji hayaziwezi. Ukiipima kwa mwanga wa infraredi utaona kilele cha amidi I, kinachoonyesha minyororo imejipangaje, kimeshuka kutoka karibu 1650 hadi karibu 1620 kwa sentimita.

Uzi_Mwembamba: Methanoli, siku nzima.

Shangazi_Maabara: Mwanangu, hiyo inapofusha watu, unafanyia chini ya kifyonza hewa? Mimi nilianza nayo. Filamu zilitoka kama kioo, zikikauka ukizikunja tu, kacha! Nililia. Nikahamia mvuke wa maji: chombo kilichonyonywa hewa, maji chini, filamu juu, unaacha usiku kucha. Bapa ni chache kidogo, lakini inakunjika.

Mzee_Kanuni: Vijana mnataka matokeo, kusoma hamtaki.

Babu_Nondo: Ngojeni. Filamu iliyolala siku nzima kwenye methanoli itakakamaa, itapasuka, lakini uji haiwi. Ama huu uzi umetungwa, ama kuna kitu kinafichwa.

Mtani: Kumbe uzi wenyewe si hariri, ni nailoni 😂

Uzi_Mwembamba: Sijatunga! "Siku nzima" ndivyo nilivyoandika kwenye daftari. Ukweli, ndani ya filamu nimeweka kimeng'enya na niliogopa alkoholi itakiua. Nikachovya sekunde chache, tena kwenye ethanoli kavu isiyo na tone la maji. Kimeng'enya kikifa sina kazi, mngefanyaje nyie? Na nilidhani ikiwa kavu ndiyo kali zaidi.

Fundi_Maabara: Hapo sasa. Minyororo inahitaji unyevu kidogo ili igeuke na kujipanga. Ethanoli kavu inakausha juu, ndani inaganda ilivyo. Ndiyo maana wengi hutumia ya asilimia 70 au 80, na hawachovyi kama andazi kwenye chai. Kwa kimeng'enya chako mvuke wa maji ni salama zaidi.

Uzi_Mwembamba: Lakini ethanoli nimeshanunua, na msimamizi ameshasaini njia hii.

Shangazi_Maabara: Alisaini ukurasa wenye "siku nzima"?

Uzi_Mwembamba: Ndiyo, shangazi.

Uzi_Mwembamba: Huo mvuke, usiku mmoja unatosha?