Daftari la getini, nakala za NIDA, mikopo ya mtandaoni: taarifa zetu hapa Dar zimegeuka shamba la bibi

Wakuu, salaam. Leo nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Katiba yenyewe, Ibara ya 16, inatambua haki ya faragha. Pamoja na yote hayo, pita Posta, Kariakoo, Mwenge, Sinza, popote: kila mwenye meza na kalamu anadai jina kamili, namba ya simu na namba ya NIDA, na ukimuuliza "ya kazi gani?" anakutolea macho kama umemtukana.

Hilo swali ndilo moyo wa sheria nzima. Taarifa inakusanywa kwa kusudi linalotajwa mapema, inachukuliwa ile inayotosha kusudi hilo tu, na kusudi likiisha inaondolewa. Anayeshindwa kutaja kusudi hana cha kukudai.

Nianze na wabaya kuliko wote, aplikesheni za mikopo. Unaipakua, na kabla hujaona hata riba inaomba ruhusa ya kufungua majina uliyohifadhi kwenye simu, meseji, picha na mahali ulipo. Meseji inazitaka isome miamala yako ya pesa na kupima kama una uwezo wa kulipa. Majina je? Ya kukuaibishia, basi. Ukibonyeza "ruhusu", orodha yote inaweza kupakiwa kwenye seva yao muda huohuo. Kuanzia hapo hata ukifuta aplikesheni, hata ukiitumbukiza simu baharini pale Feri, nakala iko kwao. Siku ya kulipa ikipita, bosi, shemeji, mama mkwe na fundi wa friji wote wanapokea meseji kwamba wewe ni tapeli na wao umewaandika wadhamini.

Ukiwabana wanakwambia: "Mteja alikubali vigezo na masharti." Uongo mtupu, na inashangaza watu wanavyoumeza. Ridhaa ni ya mwenye taarifa. Unaweza kuridhia namba yako itumike, lakini ya mama mkwe huna mamlaka nayo. Yule aliyetumiwa meseji bila kukopa hata shilingi ni mhusika wa taarifa kwa haki yake mwenyewe, na malalamiko yake mara nyingi yana nguvu kuliko ya mkopaji, maana yeye hakubonyeza kitu chochote. Tatizo ndiye huyohuyo anayenyamaza. Anakupigia kukusema, halafu anafuta meseji, na kielelezo kimekwenda.

Asifute. Tena asikutumie kwa kuisambaza, kwa sababu meseji iliyosambazwa inafika ikiwa na namba yake yeye na saa mpya. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, na ya asili ibaki kwenye simu yake.

Mkopaji naye afuate mpangilio, maana wengi wanaanzia mwisho. Hasira zikipanda mtu anafuta aplikesheni kwanza, na hapo anapoteza namba ya mkataba, jina la kampuni na sera ya faragha, vitu vilivyokuwa humohumo ndani. Anza kwa kupiga picha kurasa hizo zote. Kisha ingia Mipangilio, Programu, chagua aplikesheni husika, Ruhusa, uweke "usiruhusu" kwa kila kilichofunguliwa. Halafu waandikie wafute akaunti na taarifa zako. Kuiondoa kwenye simu ni hatua ya mwisho.

Na msiniambie hawakujua. Google ilishapiga marufuku mwaka 2023 aplikesheni za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtu. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo ili upakue faili nje ya duka, umeshajua kwa nini. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yanayofanya kazi bila leseni. Angalia orodha za BoT kabla ya kukopa, maana hao wa chochoroni ukiwaandikia barua hata anwani hawana.

Sasa nakala za NIDA. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo anayeandika namba yako kwenye daftari ameshachukua na tarehe ya kuzaliwa, ambayo wengine ndiyo wameifanya neno la siri. Steshenari ndiko zinakovuja zaidi. "Nitumie WhatsApp niprinti" maana yake picha ya kitambulisho imeshuka kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu, iko kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Ukirudi kwenye simu ukabonyeza "futa kwa wote" unafuta ujumbe tu, faili liko palepale. Simama hapo hadi kijana alifute kwenye folda na kwenye pipa la taka la kompyuta. Nakala iliyotoka vibaya ichukue, usiiache kwenye boksi la makaratasi, maana makaratasi hayo mwisho wake ni kufungia karanga.

Nakala unayokabidhi ichore mistari miwili ya kukatiza, katikati andika kwa kalamu ya wino: "Kwa ajili ya mkataba wa chumba tu", tarehe, na jina la anayepokea. Maandishi yapite juu ya picha kidogo bila kuziba namba. Ukiandika pembeni mtu anakata pembeni, kazi imekwisha. Madalali wa nyumba wanaodai NIDA kabla hata hujaonyeshwa chumba, hao wanyimeni.

Na mara mojamoja piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ikafutwe. Laini ya kutumia meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" inaweza kuwa ina jina lako.

Daftari la getini sitaki hata kulizungumzia sana. Mgeni wa saa nne anasoma majina na namba za simu za wageni wote waliotangulia, mabinti wanaanza kupokea "mambo" kutoka kwa watu wasiowajua, na daftari likijaa linatupwa nyuma ya kibanda. Shirika linalomiliki jengo lina kamera za mamilioni, linashindwa kununua kasha la kufungia madaftari.

---

Jibu #2

Mkuu, umeongea mengi ya kweli ila getini unaonea. Jengo likiibiwa bila rekodi ya wageni mnakuwa wa kwanza kulalamika. Mlinzi analinda mali na watu.

---

Jibu #3 (mwenye uzi)

Sijasema rekodi isiwepo, ndugu yangu. Usalama ni kusudi halali kabisa. Haya, niambie: kwa usalama unahitaji nini? Jina, saa ya kuingia, anakwenda kwa nani, saa ya kutoka. Mlinzi aangalie kitambulisho kwa macho alinganishe sura, akirudishe. Namba ya simu inayotakiwa pale ni ya mwenyeji, ambayo jengo linayo tayari. Kuna jengo limeshakamata mwizi kwa namba ya simu aliyoiandika mwenyewe?

Kama lazima daftari, tumieni karatasi moja moja kwa kila mgeni ziingizwe kwenye boksi lenye kufuli, au kadibodi yenye dirisha la mstari mmoja inayoziba mistari ya juu. Wekeni muda wa kuhifadhi, ukipita chaneni. Na hiyo tabia ya kubaki na vitambulisho vya watu kwenye droo ife. Kadi ikipotea pale, mlinzi wa zamu ya usiku atakwambia hajui lolote.

---

Jibu #4

Naongezea upande wa utaratibu, maana watu wanakimbilia mtandaoni kutukana halafu wanaishia hapo.

Haki zenyewe ziko vifungu vya 33 hadi 38: kuonyeshwa taarifa zako, kuzuia uchakataji unaokuumiza, kukataa kutumiwa matangazo ya biashara, kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake (aplikesheni ikikunyima mkopo kwa hesabu za kompyuta tupu, hiki kinakuhusu), fidia, na kusahihishiwa au kufutiwa. Taarifa za miamala ya fedha za mtu sheria inaziweka kwenye kundi la nyeti, sawa na alama za vidole na taarifa za watoto, na nyeti kwa kawaida zinataka ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo lile daftari la wakala wa pesa za simu lenye jina, namba, kitambulisho na kiasi ulichotoa, likiwa wazi mezani chini ya mwavuli, si jambo dogo. Ila usimgombeze yule binti wa kibandani. Anakusanya kwa maelekezo ya kampuni, barua iende kampuni.

Barua yenyewe ukurasa mmoja unatosha. Uliza manne: mna taarifa zangu zipi, mmezipata wapi, mmempa nani, kwa kusudi gani. Kisha andika unachotaka kifanyike na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia, mtu anaiacha barua mapokezi bila mhuri, baadaye anaambiwa haijawahi kufika. Ukituma kwa barua pepe, mlenge afisa wao wa ulinzi wa taarifa binafsi, usiandikie huduma kwa wateja.

Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume: wewe ni nani, nani amekukosea, nini kilitokea na lini, vielelezo, na nafuu unayoomba. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90, na muda unaweza kuongezwa. Usiporidhika na uamuzi, kuna Mahakama Kuu.

---

Jibu #5

Sheria yenyewe ina matobo wakuu. Mei 2024 Mahakama Kuu hapa Dar, kwenye shauri la wakili Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilikuta baadhi ya vipengele vya vifungu vya 22 na 23 vimeandikwa kwa utata kiasi cha kukiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Kifungu cha 23 ndicho kinachosema lini mtu anaweza kukusanya taarifa zako bila kukwambia. Msiisifie sana.

---

Jibu #6 (mwenye uzi)

Siisifii. Nasema hata iliyopo haitumiki. Kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria faini yake inaanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5, na mtu binafsi laki 1 hadi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10. Faini hizo hazina maana kama hakuna anayepeleka malalamiko yenye vielelezo.

---

Jibu #7

Kaka, swali. Nikilalamika Tume, deni la mkopo linafutika?

---

Jibu #8 (mwenye uzi)

Hapana, dada. Deni na kuaibishwa ni mambo mawili. Deni linabaki, lilipe, ila lilipe kwa namba ya malipo iliyo kwenye mkataba. Usimtumie yule anayekutukana kwa namba yake binafsi, maana kesho kampuni itasema haijapokea kitu. Tunza risiti ya kila malipo. Ukimaliza, omba kwa maandishi wathibitishe hudaiwi, na kwenye barua hiyohiyo waambie kusudi la kushika taarifa zako limekwisha, wakujibu wanafuta nini, na wanachobaki nacho wanabaki nacho kwa sheria ipi.