Paka shume kahamia kwenye meza ya tasnifu yangu. Anataka nini?

MlaTanbihi:
Habari zenu wakuu. Niseme mapema, mimi si mtu wa paka. Niko sura ya mwisho ya tasnifu ya uzamivu na ninachohitaji ni kimya. Sasa kuna shume mmoja wa kijivu, sikio la kushoto halina ncha, kila nikikaa kuandika naye huyo dirishani. Sikumwita wala sijamlisha. Alianzia kizingitini, akinitazama kama msimamizi wangu anavyotazama rasimu. Akahamia kwenye rundo la nakala. Siku hizi ni kibodi kabisa, na kanijazia herufi j tupu katikati ya tanbihi. Kinachonisumbua zaidi ni macho: ananikazia, anayafumba taratibu, anayafumbua. Anadai nini? Na nitajuaje kama ana mwenyewe? Nikimtoa nje roho inaniuma, jambo ambalo silipendi hata kidogo.

Mhudumu_wa_Wanyama:
Liangalie vizuri hilo sikio. Likiwa limeraruka, ni vita. Likiwa limekatwa mkato ulionyooka, yaelekea kahasiwa: wanaohasi paka wa mitaani humkata ncha akiwa bado na dawa ya usingizi, asije akakamatwa tena akapasuliwa bure. Mfunge shingoni kipande cha karatasi laini kinachochanika kirahisi, uandike namba yako na swali, "Huyu ni wenu?" Pia daktari wa mifugo ana kifaa cha kusoma chipu ya kumtambulisha mwenye paka, kama amewekewa chini ya ngozi.
Maziwa usimpe, paka wakubwa wengi huharisha. Na akiumwa usijaribu kumpa parasetamoli, hata kipande. Inaua paka.

Jicho_Pevu:
Hadai kitu, anakuonyesha kwamba hana wasiwasi nawe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walipima jambo hilohilo. Paka walifumba macho taratibu zaidi pale wenye nao walipowafanyia vivyo hivyo, na hata mgeni akianza kwa kufumba hivyo, walielekea zaidi kuusogelea mkono wake. Mjibu uone. Ila usimkodolee, kwa paka huo ni ugomvi.

Fizikia_Kidogo:
Mkuu, mpe uandishi mwenza yaishe. Jack Hetherington, mwanafizikia wa Marekani, aliandika makala peke yake lakini akatumia "sisi" mwanzo mwisho, akaonywa kwamba jarida halitaikubali hivyo. Kuichapa upya kwa taipureta aliona kazi, akamwongeza paka wake Chester kwa jina la F. D. C. Willard. Ikatoka hivyo mwaka 1975 kwenye Physical Review Letters, jarida la maana kabisa.

MlaTanbihi:
Kwenye tasnifu yangu mwandishi ni mmoja, asante. Mkato wa sikio umenyooka. Karatasi imerudi haina jibu, imetafunwa pembeni tu. Hilo la macho nimejaribu, mlango ukiwa umefungwa nisionekane, na akaja kulala mapajani. Sikusimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kesho tunakwenda kusomwa chipu. Nitamwingizaje kwenye kikapu bila kuchanwa?

Mhudumu_wa_Wanyama:
Kitoe kikapu leo, kiache wazi hapohapo anapopenda kulala, utandike shati ulilovaa. Ukikitoa asubuhi ya safari atakuwa kashajua nia yako.