Ushauri: Gari ni langu, kazi ni za kampuni. Maili nazidaije kwenye kodi?

Mwenye uzi: Wakuu, habari za leo. Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Marekani, LLC (kampuni ya dhima yenye ukomo) ya mtu mmoja. Gari ni langu binafsi: naenda nalo kwa wateja, nabebea vifaa, na hilohilo ndilo la watoto kwenda shule. Nidai punguzo la kodi kwa maili au nikusanye risiti za mafuta na matengenezo? Kuna ndugu kaniambia nidai vyote.

FundiHesabu: Vyote haiwezekani, mkuu. Kiwango cha IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, na humo mafuta, bima, matengenezo na uchakavu vimeshaingia. Juu yake unaongeza maegesho na tozo za barabara za safari za kazi. Ukienda na gharama halisi, unapiga asilimia: gari likitembea maili 10,000 na 6,000 zikawa za kazi, unadai asilimia 60. Kuwa makini hapa: kiwango cha maili lazima ukichague mwaka wa kwanza gari linapoingia kazini. Ukianza na gharama halisi, kwa gari hilo hurudi tena kwenye maili.

BiZawadi: Kaka, daftari kwanza! Tarehe, ulikokwenda, shughuli gani, maili ngapi. Mfano: "Januari 14, ofisi ya mteja, kuosha mazulia, maili 18." Andika siku hiyohiyo. Watu hukaa mwisho wa msimu wa kodi wakajaza maili 50 leo, 50 kesho, 50 keshokutwa. Mkaguzi akiona hivyo hana haja ya kuuliza mara mbili. Piga picha ya odomita (kipima maili cha gari) Januari 1 na Desemba 31.

Mwenye uzi: Asante dada. Na kutoka nyumbani hadi kwa mteja wa kwanza?

FundiHesabu: Nyumbani hadi ofisini kwako haihesabiki hata kidogo. Ila kama una chumba nyumbani cha kazi tu, unachokitumia mara kwa mara, na ndicho makao makuu ya biashara, safari ya kutoka hapo kwenda kwa mteja inaingia.

Mdau wa Mbali: Niongeze: kama LLC yako imechagua kutozwa kodi kama S corporation (faida hutozwa kodi kwa mwenye kampuni, si kwa kampuni yenyewe), usidai maili kwenye fomu yako binafsi. Weka utaratibu wa maandishi wa kurudishiwa gharama, peleka hesabu ya maili kwa kampuni ndani ya siku 60, nayo ikurudishie pesa. Kwako hayo si mapato, kwa kampuni ni gharama. Na chakula cha mteja kinadaiwa nusu ya gharama tu, risiti uiandike jina lake nyuma.